Unyanjano Kwenye Begi la Usaili

Jamani, mkasa huu nilikuwa nimeapa kwamba sitausimulia, lakini kwa kuwa video yenyewe imeshazunguka kwenye simu za watu kuanzia Muleba mpaka Bukoba mjini, na kwa kuwa majuzi nilikwenda msibani kuna mama nisiyemjua akanisalimia kwa Kihaya, "Kasinge, mwalimu wa shimo," nimeona heri niseme mwenyewe. Aibu ikisimuliwa na wengine huongezwa chumvi, na hii yangu tayari ina chumvi ya kutosha.

Mimi ni Kemilembe, mzaliwa wa Buganguzi, na nina shahada ya uzamivu katika magonjwa ya mimea (kijijini wananiita Dokta, na mara kwa mara mtu ananiletea mtoto anayekohoa, nikimwambia kwamba mimi ni daktari wa migomba ananiangalia kwa huruma, anambeba mwanawe na kuondoka). Tangu mradi niliokuwa nafanyia kazi ufungwe nimerudi kwa mama, na kazi yangu kubwa ni kuomba kazi. Mtu ambaye hajawahi kuomba nafasi ya uhadhiri hawezi kuujua uchovu huu, maana unapeleka vyeti kwa wakili avigongee muhuri, unawapigia maprofesa wako wa zamani wakuandikie barua nyingine mpaka unaona haya hata kuwasalimia, unajaza kwenye mtandao mambo yaleyale yaliyomo kwenye wasifu uliokwisha kuupakia, mtandao unakatika ukiwa ukurasa wa mwisho, unaanza upya, halafu kimya. Ukibahatika kuitwa, mnakutana kwenye benchi walewale wa siku zote, mnaulizana habari za nyumbani kama watu wa kwaya moja, kisha anachukuliwa mtu ambaye alikuwa anafundisha hapohapo kwa muda. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilichoka mpaka suti yangu ilichoka.

Basi ikatangazwa kwamba chuo kimoja cha hapo Bukoba mjini kinatafuta mhadhiri wa magonjwa ya mimea, na mimi nikaitwa. Mama alilia. Fikiria, kazi ya kitu nilichosomea, karibu na nyumbani, mwisho wa juma narudi kumwangalia. Nilijua kabisa kwamba nikiikosa hii sitaomba tena, nitafungua duka la pembejeo pale sokoni niuze majembe na mbolea, na shahada niiweke sandukuni pamoja na gauni la kipaimara.

Barua ya wito ilisema kila msailiwa atafundisha somo fupi mbele ya jopo. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kujiona ina akili. Usaili uliotangulia, huko nilikokwenda, nilikuwa na picha nzuri za kuonyesha ukutani, umeme ukakatika, nikabaki nachora mgomba hewani kwa mikono. Safari hii nikasema sitaki umeme wala mashine, nitabeba ugonjwa wenyewe.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu ili mnicheke vizuri. Ugonjwa unaomaliza migomba yetu ni mnyauko, sisi tunauita unyanjano, na ukikata shina la mgomba wenye unyanjano unatoka usaha wa njano. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha habari zake redioni, kwa Kiswahili nikichanganya na Kihaya, na mafundisho yangu yalikuwa hayahaya kila mara: kisu kilichogusa mgomba mgonjwa ukichome motoni au ukioshe kwa jiki kabla hujagusa mgomba mwingine, usibebe sehemu yoyote ya mgomba kutoka kibanja kimoja, yaani shamba la migomba, kwenda kingine, na mgomba ukiugua uung'oe siku hiyohiyo. Kipindi nilikuwa nakifunga kwa maneno ambayo hata watoto waliyakariri: "Mgomba mgonjwa haulali kibanjani!"

Na nyumbani kwetu, nyuma ya banda la mbuzi, ulikuwepo mmoja mgonjwa. Mama alishachukua jembe aung'oe siku alipouona, nikamzuia.

"Uache kwanza, Mama. Nina kazi nao kwenye usaili."

"Si unasemaga haulali?"

"Huu ni wa kitaalamu."

Mama akarudisha jembe. Ukishamsomesha mtoto mpaka mwisho wa masomo, utabishana naye kuhusu mgomba?

Asubuhi ya safari nilikinoa kisu, nikakata kipande cha shina chenye usaha unaochuruzika vizuri, nikakitia kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikakifunga kwa kitenge, nikakiweka chini ya begi, juu yake vyeti, juu ya vyeti viatu vyangu vya kisigino. Nilikuwa nataka nikichome kisu, lakini jirani yetu Ta Rwegasira, dereva mstaafu aliyekuwa amenipa lifti kwenye pikapu yake, alikuwa anapiga honi barabarani kana kwamba nyumba inaungua, nikakichomeka kisu kwenye ukuta wa banda nikakimbia.

Tulifika Kanazi tukakuta kamba imefungwa kuvuka barabara. Unyanjano ulikuwa umewavamia, wakaunda kamati, na kamati ilikuwa inakagua kila gari lisipitishe machipukizi ya migomba (nani aliwashauri wakague magari? Nyamazeni, msinikumbushe). Mwenyekiti wao, mzee mmoja mpole wa kofia ya sufu, akaja dirishani.

"Kasinge, waitu. Mmebeba nini?"

Jamani, ningesema ukweli pale, mkasa ungeishia hapo. Ningesema mimi ni mtafiti, hiki ni kipande cha kufundishia, tafadhali tukichome, wangenipa hata maji ya kunawa. Lakini nilitazama saa nikaogopa kuchelewa, nikasema:

"Nguo tu, baba."

Mwanamke wa kamati aliyekuwa upande wangu akaliminya kwa kidole begi nililokuwa nimelipakata. "Nguo gani inalowa?"

Nikaangalia chini. Visigino vya viatu vilikuwa vimetoboa vyeti, vimetoboa nailoni, na majimaji ya njano yalikuwa yanashuka taratibu kwenye sketi yangu ya usaili. Begi likafunguliwa juu ya boneti mbele ya watu, na watu hawakukosekana, maana walikuwa wanatoka kwenye gulio. Kitenge kikafunuliwa.

"Mawe! Mama yangu! Unyanjano!"

Walirudi nyuma wote kana kwamba nimebeba nyoka. Ta Rwegasira, ambaye tulikuwa tunataniana toka Muhutwe, akasogea upande wa wananchi na kuniangalia kama mtu asiyenijua.

Nikajikaza, nikatoa sauti ya darasani. "Ndugu zangu, msiogope. Mimi ni mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?" akauliza yule mwanamke. "Mtaalamu tunamjua sisi. Yupo yule wa redioni, Dokta Kemilembe. Yule asingebeba kitu hiki hata kwa bunduki."

Kuna wakati mtu anatamani kuwa mtu mwingine. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ndiye mimi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakasema haya, kama ni wewe, sema kama redioni. Sikuwa na njia, saa zilikuwa zinakwenda, nikafunga macho katikati ya barabara ya Kanazi nikasema, "Wakulima wapendwa, mgomba mgonjwa haulali kibanjani."

Kicheko kikakatika. Sauti ilikuwa yenyewe. Yule mwanamke akanitazama, na nawaambieni ukweli, ningependa aendelee kucheka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeng'oa kibanja changu chote kwa maneno yako."

Mzee mwenyekiti alikohoa, akasema sheria ya kijiji haina Dokta. Anayekutwa na unyanjano anachimba shimo mwenyewe na kuufukia mwenyewe, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, akaniomba kwa adabu kabisa (adabu ile ndiyo iliyoniua) nifundishe huku nachimba, ili waliotoka gulioni nao wafaidike. Basi nikavua viatu, nikashika jembe, nikachimba na suti yangu, na kila nikipumzika wanauliza, "Halafu, Dokta?" nami naeleza, na simu zimenyooshwa juu. Mwisho wakanimwagia maji ya jiki mikononi na kwenye begi. Vyeti vilivyokuwa vimetobolewa na visigino sasa vikapauka, muhuri wa wakili ukabaki kama kivuli.

Ta Rwegasira alinifikisha Bukoba. Aliponishusha akasema, "Mungu akutangulie," kwa sauti ile ya kumuaga mgonjwa.

Niliingia kwenye chumba cha usaili nimechelewa, nanuka jiki, sketi ina madoa ya njano na udongo mwekundu mpaka magotini. Jopo lilikuwa limekaa tayari. Profesa aliyekuwa mwenyekiti alikuwa ameilaza simu yake kifudifudi mezani. Nikaanza kuomba radhi na kueleza kwamba somo langu la mfano lilikuwa na kielelezo lakini kwa bahati mbaya...

"Kaa tu, Dokta," akasema. "Somo la mfano tumeshaliona."

Mmoja wao aliinamia karatasi mabega yakimtikisika. Mimi mwenyewe nilitabasamu, na kwa muda mfupi nikapata tumaini la kijinga, kwamba pengine wameona mwalimu anayeweza kufundisha hata akiwa shimoni, maana profesa alisema nilieleza vizuri na kwa mpangilio. Ndipo mama mmoja mwenye miwani, aliyekaa mwisho wa meza, akaniuliza bila ukali wowote.

"Kipande kile ulikikata wapi?"

"Nyumbani kwetu, Buganguzi."

"Na mgomba wenyewe, uko wapi sasa?"

Nimejibu maswali mengi ya usaili maishani mwangu. Nimeulizwa udhaifu wangu ni upi, nimeulizwa najiona wapi miaka ijayo, yote nina majibu yake. Hilo sikuwa nalo. Nikasema, "Umesimama." Akaandika kitu, akanishukuru kwa kuja.

Shangazi yangu wa Kahororo alikuwa amepika ananisubiri, nikampigia nikamwambia sitapita. Nilipanda gari la kwanza nililolipata nikarudi, njia nzima nawaza jembe tu. Nilipoingia nyumbani jua lilikuwa bado lipo, na nikaona kibanja kinapendeza ajabu. Majani makavu yote yamekatwa, migomba imesimama misafi, kuanzia banda la mbuzi mpaka barabarani, mpaka pale lilipo kaburi la baba. Mama alikuwa katikati anajifuta jasho, anatabasamu.

"Nimekusafishia. Ukija na habari njema watu wakute pamependeza."

Nikamuuliza, "Mama, umekata kwa kisu kipi?"

"Kile ulichokiacha bandani. Ulikinoa vizuri."

"Ulikichoma?"

Akanishangaa. "Si nilijua umeshakichoma wewe? Wewe si ndiye wa redioni?"

Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya banda, nikaung'oa ule mgomba na mizizi yake, na suti ileile, nikilia kwa sauti. Mama alidhani nalilia kazi, akawa ananibembeleza kwa nyuma, "Nyamaza mwana wange, zitatoka nyingine."

Barua ilikuja baadaye, ileile ya siku zote, wanasikitika kunijulisha na wananitakia kila la heri. Ilipofika sikuwa na machozi ya kuipa, maana migomba ilikuwa imeanza kunyauka kwa kufuata mstari aliopita mama na kile kisu, mmoja leo, mwingine keshokutwa, kama watu wanaoitwa majina. Ile ya kaburini ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baba aliipanda mwenyewe. Tuliing'oa mimi na mama, na majirani wakaja kusaidia, kila mmoja na kisu chake alichokichoma kwanza mbele yangu.

Duka la pembejeo sijalifungua. Juzi limetoka tangazo jingine la kazi, chuo kingine, mbali kidogo, na mkono wangu huu usio na haya ukaanza kutafuta vyeti. Nikamwambia mama jioni, tukiwa tunamenya viazi (ndizi tunanunua siku hizi, sisi wa Buganguzi). Akatazama nje, kule ambako imebaki migomba ya kuhesabika, akaniuliza taratibu:

"Safari hii watahitaji upi?"

Sikujua kama ananitania au kama yuko tayari kuutoa, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza. Nilimwambia, "Hakuna, Mama. Safari hii nakwenda mikono mitupu. Umeme ukikatika nitachora hewani."