Nguzo ya Kiti Iliyogoma

Siku Ananías Pirazán alipomwambia mkewe aishushe ile baiskeli nyekundu kutoka kwenye boriti, Rosalbina alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwogesha, kumvisha, kumlisha supu ya viazi, na kukaza breki za baiskeli mbili za wateja. Kiuno kilikuwa kikimkata. Alimtazama mumewe aliyekaa mlangoni mwa karakana, ponchi ya sufi mabegani, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, akajua kwamba leo pia hakuna kupumzika.

"Ya nini tena, mzee?"

"Itengenezwe," alisema Ananías. "Yote."

Kiharusi kilikuwa kimemwachia upande wa kushoto na maneno ya kubana. Kabla ya hapo alikuwa fundi baiskeli aliyejulikana bonde zima la Sogamoso. Na kabla ya ufundi alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, mmoja wa wale wanaowabebea wenzao maji na kuwakinga upepo, kisha wanaingia nyuma kabisa, jina lisisomwe redioni. Mbio zake zote alizimaliza juu ya hiyo nyekundu. Sasa karakana ilikuwa ya Rosalbina. Kazi aliijua kwa kutazama, na iliyobaki aliijua kwa kugombezwa.

Akaifungua kidogo kidogo, kila alipopata nafasi. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu. Kotapini, zile pini zinazoshika mikono ya pedali, zilitaka mafuta, nyundo na subira. Moja ilipinda kama mshumaa, ikabidi aitoboe kwa drili. Hatimaye kila kitu kilitoka, isipokuwa nguzo ya kiti. Hiyo ilikuwa ya aluminiamu, imezama ndani ya bomba la chuma, na kwa miaka yote ile viwili hivyo vilikuwa vimeshikana kama ndugu wanaogombea shamba.

Alimimina mafuta asubuhi na jioni. Aligonga kwa nyundo ya mbao. Alikishika kiti kwa mikono miwili akakinyonga mpaka ngozi ya kiti ikachanika. Mchana mmoja uvumilivu ulimwisha, akawasha tochi ya gesi akaichoma nguzo. Rangi ikafura malengelenge, nguzo isitikisike.

"Umeivimbisha," alisema Ananías. "Aluminiamu ikipata moto hutanuka kuliko chuma."

"Si ungesema mapema!"

"Hukuuliza."

Rosalbina alimrushia glavu. Ikatua kifuani pake, naye akaiacha hapo hapo.

Evangelista, jirani yao muuza maziwa, alipita na madebe yake akachungulia. "Shemeji, hiyo si umpe mtu wa vyuma chakavu? Utakufa wewe, ibaki yenyewe!"

"Anza kufa wewe, tunywe maziwa yasiyo na maji."

Alicheka pamoja naye, lakini jirani alipoondoka kicheko kilikauka. Maana si kazi iliyomchosha. Alichoka kwa sababu aliamini mumewe anaota kwamba atapanda tena. Akawa anafanya kazi ile kama anayempikia mgeni asiyekuja, huku akiiogopa siku baiskeli itakaposimama kamili, na mzee auone mguu wake ulivyo.

Ndipo akachukua msumeno. "Naikata."

"Usikate."

"Basi ibaki hapo ilipo! Si ndio urefu wako?"

Ananías alitikisa kichwa. Maneno yalichelewa, akayasubiri. "Si wangu. Wako. Wewe mfupi. Kishuke."

Rosalbina aliushusha msumeno.

"Kila Jumanne," alisema mzee, "unakwenda sokoni kwa miguu. Nakaa hapa. Nakuona unavyorudi."

Rosalbina alivuta kreti akakaa. "Mimi ni bibi kizee, Ananías. Watu watanicheka."

"Wacheke."

"Na kile kilima?"

"Unashuka. Unasukuma."

Kisha akamwambia la kufanya: asizungushe nguzo, azungushe baiskeli. Rosalbina aling'oa kiti, akaipindua fremu, akabana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa la mezani, fremu ikasimama miguu juu kama mbuzi anayechunwa. Akasukuma. Ikakataa. Akasukuma tena mpaka akaona nyota. Nyuma yake akasikia kiti cha mzee kikilia: alikuwa amesimama, ameshika meza, anauburuta mguu. Akaegemeza bega zima kwenye fremu.

"Moja... mbi..."

"Usinihesabie, sukuma!"

Kitu kilipasuka kwa mlio wa mfupa. Fremu ikazunguka, Ananías akaenda nayo, Rosalbina akamdaka kwa ponchi, wote wawili wakashukia sakafuni kwenye vumbi la chuma.

"Umeumia?"

"Makalio," alisema mzee.

Wakacheka mpaka mzee akakohoa. Hawakuinuka upesi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kumwinua mwenzake. Baadaye nguzo ilitoka kwa kunyongwanyongwa kama jino, ikimwaga unga mweupe. Waliisugua, wakaipaka grisi, wakaishusha hadi kimo cha mwanamke mfupi. Lile doa la moto kwenye rangi hawakuligusa.

Jumanne Rosalbina alivaa suruali, akapanda. Njiani Evangelista alimpigia kelele, "Shemeji, kocha wako nani?" Pumzi za kumjibu tusi alilostahili hakuwa nazo. Kilimani alishuka, akasukuma. Alirudi na jibini na vitunguu kikapuni, akaiegemeza baiskeli ukutani, akajitupa kwenye benchi kando ya mumewe.

"Cheni inalia?" aliuliza Ananías.

"Inalia."

"Leo uitie mafuta..."

"Kesho kutwa, mzee," alisema, akafumba macho. "Kesho kutwa."