Kupanda Mlima Bila Kufukuzwa

Mume wangu Laurent anauza viatu vya mtumba pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kama angekuwa mtu wa viatu tu, mimi ningekuwa mke mwenye amani. Lakini ana ugonjwa wa milima. Akikuta kwenye robota kiatu kizito chenye meno chini, kile ambacho mteja angelipia vizuri, anakiweka kando, anakipaka mafuta, kisha anazunguka nacho nyumba akikijaribu. Wateja wanamwona. Mimi nabaki kuuza kandambili.

Chanzo cha ugonjwa nakijua. Alizaliwa juu kabisa, kwenye milima ya Kivu Kusini, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na maji yakiporomoka kwenye mwamba usiku na mchana. Anasema yale maji ndiyo yaliyokuwa yakimbembeleza. Vita vilimtoa kule akiwa mdogo sana, kwa hiyo sijui kama anayakumbuka au anakumbuka kuhadithiwa. Baba yake alibaki huko. Alibaki vipi, mama mkwe wangu Perpétue hakuwahi kusimulia, na kwetu mtu hachokonolewi kidonda ili wengine wapate hadithi.

Basi siku moja Laurent alikwenda Mbarara kuchukua mzigo wa viatu, akarudi na rafiki mpya mdomoni. Musoni hivi, Musoni vile. Huyu Musoni anakaa Nyamitanga, ng'ambo ya mto, na anaongoza chama cha watu wa Mbarara ambao wiki nzima wanakaa maofisini, na Jumamosi wanalipa nauli kwenda kupanda milima. Wanalipa, nasema! Wamekwenda mpaka Kisoro, wamesimama juu ya volkano, wamepigwa picha wakiwa wamelowa kwenye maporomoko. Laurent alinionyesha picha hizo kwenye simu hadi chaji ikaisha, na chaji yenyewe tunainunua.

Musoni alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza matembezi kwenye vilima vya huku kwetu Isingiro. Kiongozi wake wa zamani alikuwa amewahi kusahau watu wawili mlimani. Musoni akamwambia Laurent akusanye watu wake, wale wasiozoea, awachanganye na wale wa Mbarara, awapeleke kwenye kilima kirefu kilicho karibu na Rwekubo, chenye maporomoko ubavuni. Yeye Musoni angekuja kumtazama tu; akifaulu, kazi ni yake.

"Kupandisha watu ni kazi bure, sebo, hata mbuzi inapanda," alimwambia kwenye simu, akimwita sebo kama bwana mkubwa, nami nasikia. "Mimi nataka mtu ya kushusha. Watu yote chini, mbele ya jua kuanguka. Kale?"

Laurent akaitikia kale, kale, sawa kabisa, kama aliyepewa cheo. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, hata mimi hakunitaka hivyo.

Sasa kukusanya watu. Alianza na kwaya yetu. Wote wakasema amina. Kisha yakaanza maswali: huko juu kuna nini? Hakuna kitu, akasema, tunapanda, tunaangalia, tunashuka. Watu wakatazamana. Damascène, kinyozi wa jirani, Mrundi, akacheka hadi akaweka mashine ya kunyolea chini.

"Kupanda mlima na hakuna mtu anakufukuza? Laurent, mimi nimepandaka ya kutosha. Na hawakunilipisha."

Mmoja akapata msiba. Mwingine hana viatu, na anayemwomba radhi ni muuza viatu! Wasichana wakasema hawawezi kutoka kama kikundi kabla ya kushona kitenge kimoja. Laurent alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alibaki na wasichana wachache wa kwaya, mimi, na mama yake. Mimi nilikubali kwa sababu nilichoka kuona uso ule mezani.

Mama yake, Laurent alimwambia habari ya Jumamosi ile akiwa amesimama mlangoni, haraka, kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameshachekwa vya kutosha na hakutaka jambo lizunguke tena Misiera nzima.

"Mama, siku ya posho tunapanda mulima. Sisi bote. Usibebe bintu mingi. Na usiambie batu."

Mama Perpétue alikuwa anachambua mchele. Akaacha. "Saa gani?"

"Mapema, mbele ya jua."

"Ni sawa," akasema, akaendelea kuchambua.

Laurent alifurahi mno. Mwanamke wa umri ule, bila kuuliza sababu! Mimi nikadhani ni mapenzi ya mama. Lakini wiki ile mama mkwe alinitia wazimu. Aling'oa maharagwe yetu kabla hayajakauka, shamba zima, akayaanika juu ya turubai bado mabichi. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema. Alifua kila nguo ya ndani ya nyumba, hata ya siku hiyo hiyo, nikabaki nimejifunga shuka. Kuku wetu wa mayai alimpa Bernardine, mama Venuste, jirani yetu Mrundi, pamoja na ufunguo wa nyumba. Nikamuuliza kuku amekosa nini, akasema tu, "Bernardine ni mutu muzuri." Na nilipopanga mtoto wangu Sonia abaki kwa huyo huyo Bernardine, mama alisimama katikati ya mlango. "Mutoto hatabakia." Sikubishana. Mkwe ni mkwe.

Jumamosi alfajiri akatoka na Sonia mgongoni na bunda kichwani: blanketi, sufuria, unga, panga, na chumvi ndani ya chupa iliyofungwa vizuri kwa mpira.

"Mama! Nilisema usibebe bintu mingi!"

"Hii ni mingi?"

Kule Rwekubo watu wa Mbarara walishuka kwenye basi dogo na fimbo zao nyepesi na chupa za rangi rangi. Wakamwona mama mkwe, wakatoa simu kumpiga picha. Nilitamani ardhi ipasuke. Msichana mmoja muuguzi, mwenye adabu, akataka kumsaidia bunda. Mama akalikumbatia kama mtu anayeogopa kuibiwa. Laurent akajifanya anakagua kamba za viatu vya watu.

Tukapanda. Na hapa lazima niseme ukweli: mama Perpétue alitushinda wote. Hakutazama nyuma, hakuomba maji. Laurent alituonyesha njia pana, yeye akawa anapita pembeni, chini ya migomba. Sonia alianza kuimba, bibi yake akapeleka mkono nyuma akamziba mdomo. Mimi nilikuwa nahema kama fundi wa mivukuto, na mume wangu akapita karibu yangu uso unang'aa. "Umeona mama? Umeona?" Nikamwambia naona matako yake tu, kwa mbali.

Maporomoko tuliyafikia kabla ya mchana. Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha, lakini maji yenyewe yalikuwa membamba, kama bomba lililosahauliwa wazi. Watu wa Mbarara walipiga kelele za furaha, wakajilowesha, wakapigana picha. Laurent alisimama akayatazama, mikono kiunoni. Nilimhurumia. Alikuwa ametembea maisha yake yote na maji makubwa kichwani. Mama yake alikinga chupa nyingine, tupu, ikajaa, akaendelea kupanda.

Juu kulikuwa na upepo mzuri, siwezi kukataa. Ziwa lilionekana, na mabati ya kambi yakimetameta upande wa kule, nyumba zetu zote zikiwa ndogo za kuchekesha. Musoni akampiga Laurent begani. "Wewe unaweza, sebo." Mume wangu akageuka kunitafuta ili nione alivyoambiwa. Nilikuwa nimeona. Kwa mara ya kwanza nikasema moyoni, labda kichaa huyu ana akili.

Nyuma yake mama Perpétue alikuwa amepata mahali penye mwamba, pasipofikiwa na upepo. Alishaweka mafiga matatu. Sasa anakata majani kwa panga na kuyatandika.

"Banange, nyabo anapika! Mama anapika!" Musoni akacheka. Wengine wakacheka pia. Kisha akatazama jua, akapuliza filimbi. Ilikuwa saa ya kushuka.

Laurent akamwendea mama yake. "Mama, tushuke."

"Kushuka, juu ya nini?" akauliza, kama asiyeona sababu.

"Tumekwisha. Tumefika, tumeona."

Mama akashusha sauti. "Bamekwisha kupita?"

"Banani?"

Mama akamtazama mwanawe kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Bale tunakimbia."

Hakuna aliyecheka tena kati yetu wa Nakivale. Wasichana wa kwaya waliinamisha macho. Hasira ikampanda Laurent, mbele ya watu wote. "Hakuna mutu tunakimbia! Ni sorti, mama, matembezi! Batu banatembea tu! Wewe ulifikiri nini?"

"Ulisema mapema, mbele ya jua. Ulisema nisibebe mingi. Ulisema nisiambie batu." Alikuwa akizungumza polepole. "Hata baba yako alisemaka vile. Tukapanda. Kisha akasema nashuka kidogo, naleta chumvi, narudia. Tulimungojea, Laurent. Wewe ulikuwa unalia chumvi."

Mimi nikatazama ile chupa iliyofungwa kwa mpira, na ubaya wangu wote wa wiki nzima ukanirudia. Laurent alikaa chini, na viatu vyake vizuri.

Musoni alikuwa mtu mwema lakini jua halimsubiri mtu. "Laurent. Watu hawa, nani anashusha?"

Laurent akasimama. Mama yake akamshika shati, kwa mikono miwili. Laurent akavuta, hakuachiwa. Alikuwa anaweza kujinasua, mwanaume mzima yule. Alitazama watu wa Mbarara wakivaa mifuko yao, akamtazama Musoni, akatazama ile mikono.

"Shusha wewe," akamwambia Musoni.

Wakaondoka, na wasichana wa kwaya pamoja nao. Tukabaki sisi wa nyumba moja juu ya kilima, na upepo, na jua limeanza kuteremka. Laurent alibembeleza, alikemea, aliomba. Hakuna. Mwishoni mama akasema, "Kama ni kweli chini kuko amani, mutu mumoja aende fasi ya maji, arudie. Nitaona."

"Nitaenda mimi," akasema Laurent.

"Wewe hapana." Akageuza macho, akanifikia. "Mama Sonia aende."

Sikieni jamani! Mwanawe hapana, mjukuu hapana, aende mama Sonia! Kama chini kuna bunduki, basi inipige mimi, si ndiyo? Niliteremka nikiongea peke yangu njia nzima, maneno ambayo siwezi kuyarudia kwa sababu naimba kwaya. Nilifika kwenye yale maji yao, nikachovya kitenge chote kikalowa ili asije akasema sikufika. Kisha nikaanza kupanda tena, magoti yakilia. Nikapumzika. Nikapanda. Nikapumzika tena, kwa ukaidi.

Nilipotokea juu, mama Perpétue hakuwa kwenye mwamba wake. Alikuwa amesimama pale pale njia inapotokea, Sonia mgongoni, panga mkononi, miguu imepanuliwa. Sijui alikuwa amesimama hivyo tangu lini. Laurent alikuwa nyuma yake.

"Umekawiya," akaniambia.

Akashika kitenge changu, akakikamua, maji yakadondoka kwenye miguu yetu. Akaniinamia begani, akabaki hapo. Nami nilitaka kuwa na hasira bado, lakini haikuja. Kushuka alinitanguliza mimi, akashika pindo la kitenge changu, na hakuliachia hadi barabarani.

Basi dogo lilikuwa limekwenda. Musoni alikuwa amepiga simu: watu wake wamefika salama, pole kwa mama, ila kazi atampa kijana mmoja wa Rwekubo. Kutoka pale hadi nyumbani Laurent hakunyamaza. Kazi yake, sufuria, chumvi, aibu, watu wa Nakivale hawawezi kupelekwa popote, nani alimtuma, afadhali angeuza sabuni. Mimi nilimwacha amalize, maana haki ya kulalamika alikuwa nayo.

Jua lilikuwa linazama tulipofika Misiera. Mlango wa Bernardine ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amekaa kizingitini, amevaa koti, na watoto wake wamepangwa ukutani wote wana viatu. Mbele yake kulikuwa na bunda la godoro na masufuria, limefungwa kwa kamba, na juu ya bunda kuku wetu, miguu imefungwa pamoja. Alipewa kuku na ufunguo bila maelezo, na hakuuliza. Alielewa tu, kama mama mkwe wangu alivyoelewa.

Akasimama alipotuona. "Mama Laurent. Mumerudi?"

"Tumerudia," mama akajibu.

"Basi hakuna kitu?"

Mama akamtazama mwanawe. Laurent alikuwa katikati ya neno. Akalimeza.

"Hakuna kitu, mama Venuste," akasema. "Yalikuwa matembezi tu."

"Matembezi," Bernardine akarudia. Akatazama bunda lake, akatazama watoto. "Sasa tufungue, ao tungoje?"

Laurent akavua mfuko wake, akachuchumaa mbele ya lile bunda. Fundo lilikuwa limekazwa sana, vidole vikashindwa, akainama akaanza kulifungua kwa meno.