Miguu Upande wa Mashariki

Siku ile makaburini Kerege tulikuwepo mjane, katekista, mimi na mwanangu mgongoni, na majirani wanne Waislamu waliojitolea kuchimba kaburi na kubeba jeneza.

Jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa mjane alipoinua mkono. "Kaka zangu, mmeweka kichwa mashariki!"

"Ndivyo tunavyozika sisi, dada," akajibu mkubwa wao.

"Sisi mashariki tunaelekeza miguu. Kristo ndiye jua letu. Siku atakapochomoza, mume wangu akiinuka amwone usoni. Sasa mmemfanya ampe mgongo."

Kijana mmoja akafuta jasho. "Lakini shemeji, si atageuka tu?"

Mjane akacheka huku analia. "Huyu? Hata nikimwita kula alikuwa hageuki!"

"Basi tumgeuze sisi," akasema mkubwa wao, akashuka tena shimoni na kamba.

Katekista akafunga kitabu, akangoja. Hakuna aliyenung'unika, na yule kijana ndiye aliyeshika upande mzito. Shimo halikuhitaji kuchimbwa upya, maana makaburi yao na yetu yamelala vilevile; tunapotofautiana ni kichwa kiwe wapi.

Mjane amekwisha kurudi kwao Uluguru. Kaburi la mumewe hupaliliwa na mke wa yule mkubwa wa wachimbaji.