Pojo za Mama Ndani ya Santuri

Enzi zetu ngoma ilipigwa kwa mikono miwili, si kidole kimoja juu ya kompyuta! Nasema hivi kwa sababu Jumamosi iliyopita, hapa Kings Heath, ughaibuni, nimemsikia marehemu baba yangu akipiga, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Mliokulia Mombasa pamoja nami huenda mkamkumbuka: Omari Kombo, mpiga ngoma wa studio. Alikodiwa kurekodi ule muziki laini wa hotelini, wageni wakinywa chai. Ngoma ndogo za bongo, kayamba, njuga, kijiti juu ya chupa, vyote vyake. Nyumbani alifanya mazoezi juu ya meza, sufuria, hata mgongo wangu. Tulitafuna muhogo kwa mdundo, tukaenda chuo cha Kurani kwa mdundo, na mwalimu akanichapa kwa kugonga dawati. Lakini kwenye santuri liliandikwa jina la kiongozi wa bendi tu, la Baba halikuandikwa hata mara moja. Nasi gramafoni hatukuwa nayo. Alipofariki, nikiwa na miaka kumi na miwili, mikono yake ilinyamaza kabisa. Nimeitafuta miaka yote hii.

Siku moja kayamba lake lilipasuka asubuhi ya kurekodi. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akamimina humo pojo za Mama, hizi ambazo wenzetu wa Dar huziita choroko, zilizokwisha kuchaguliwa tayari kwa kupikwa. Mama akapiga kelele mlangoni: "Omari! Leo watoto watakula mdundo?" Baba huyoo, keshafika kona.

Zama zile bendi nzima ilipiga pamoja mbele ya maikrofoni moja, na akikosea mmoja mnaanza upya nyote. Wimbo ulipokaribia kwisha, kifuniko kikafyatuka, pojo zote chwaaa sakafuni! Na tepu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wakauacha hivyo hivyo. Baba alirudi na kopo tupu, akatuhadithia huku akicheka mpaka machozi, sisi tukala mkate na chai.

Basi Jumamosi, kwenye duka la mitumba la High Street, nikaona santuri yenye jina la bendi ile. Jaladani kuna Mzungu na gauni lake refu, ambaye sidhani kama anaijua Likoni. Nikainunua, nikakimbia nayo, na magoti yangu haya! Mjukuu wangu Zuhura ana mashine ya santuri, maana vijana wa leo wamegundua kitu tulichokwisha kukitupa. Wimbo wa kwanza, siyo huo. Wa pili, wa tatu. Wa nne, karibu na mwisho: chwaaa!

"Is that rain, Bibi?"

"Mvua gani! Hizo pojo! Huyo baba yangu!"

Nililia, nikacheza, nikairudisha sindano mara sita, nikimsimulia yote. Siku hizi nyimbo za dunia nzima zimo ndani ya simu, na ukibonyeza unamjua kila aliyepiga. Nazitamani sana siku zetu, kelele zake na njaa yake, ila sitamani jinsi mtu alivyochezesha watu miji mizima bila kutajwa popote.

Zuhura akaligeuza jalada huku na huku, akitafuta jina, asilione. Akachukua kalamu ya wino.

"How do you spell him, Bibi?"

Nikamtajia herufi moja moja.