Banda la Kichina Lililofuliwa

Habari niliipata kwenye kundi la simu la wapangaji wa zamani wa mtaa wetu wa Gatina, Nairobi: mpiga picha wetu wa Kawangware amefariki. Kabla sijamaliza kusoma, watu walishaanza kutuma picha alizowapiga, na kila picha, bila kukosa, ilikuwa na lile banda la Kichina nyuma.

Wasomaji ambao hamkupita studio yake, niwaeleze. Aliunganisha mashuka ya mitumba ya Soko la Toi yakawa pazia moja kubwa, akachora juu yake banda la kale aliloliona kwenye kalenda: wazi pande zote, nguzo nyekundu, paa lililopinda pembeni, limekaa kwenye mteremko wa mlima wenye misonobari na ukungu, ngazi za mawe zikipanda hadi bandani. Tulisimama hapo sote, mafundi, wauza mboga, mabwana harusi. Huko Kitui na Kakamega kuna kuta zilizojaa jamaa waliosimama China bila kuvuka hata mpaka wa Kenya.

Alinikera, Mungu amrehemu. Nilimwambia, "Mzee, si uchore milima ya kwenu Machakos?" Akanicheka. "Hiyo wanaiona kila siku wakifungua mlango. Hawa wametoka nyumbani kuja Nairobi. Acha waonekane wamefika mahali." "Lakini hawajafika!" "Wewe simama hapo kwa ngazi, wacha siasa." Nikasimama. Ungefanya nini?

Mkewe peke yake ndiye ambaye hakuwahi kusimama pale. Kila Jumapili alivaa akangoja, na kila Jumapili akaingia mteja. "Wewe uko tu," mumewe alimwambia, "nitakupiga kesho." Sasa mama huyu alikuwa na ombi moja kwa kamati ya mazishi: kabla mwili haujasafirishwa Machakos, pazia litundikwe nje ya nyumba, apigwe picha kando ya jeneza, mbele ya lile banda.

Basi akina mama wa kanisani, waliokuja kusafisha nyumba ya matanga, wakaona pazia lina vumbi. Wakalifua! Jamani, wakalifua kwa sabuni ya unga na brashi ya sakafu, huku wakiimba. Rangi yenyewe ilikuwa ile ya maji, ya kupakia kuta. Nilipofika nilikuta mlima mzima uko ndani ya beseni. "Lilikuwa chafu sana," mmoja aliniambia, akingoja nimshukuru. Nilitaka kupiga kelele. Ndivyo tulivyo mjini hapa: mtu akifa tunamkimbilia na sabuni. Tunabomoa, tunapaka upya, tunang'arisha, kwa roho safi kabisa, na hakuna anayeuliza mwenyewe alikipendea nini kitu hicho.

Mjane hakugombana na mtu. Aliagiza pazia litundikwe hivyo hivyo, jeupe, na madoa mekundu pale nguzo zilipokuwa. Akasimama pembeni, mguu mmoja mbele, kama tulivyofundishwa sote kusimama kwenye ngazi ya kwanza. Kijana wa kamera aliyekodiwa akamwambia, "Mathe, songa katikati, huko nyuma hakuna kitu."

"Kuna paa," akajibu. "Nikisonga nitaliziba."

Tukasogea wote, tukaliachia paa nafasi yake. Kwa hiyo enyi mnaoambiana kesho, pigeni picha leo. Na nyinyi wenye mabeseni, tafadhalini, ulizeni kwanza.