Boriti Iliyopita Juu ya Nyumba ya Mbuthia

Nairobi gari likirudi nyuma, kila mpita njia hugeuka mwelekezaji. Hata asiyemiliki baiskeli atasimama apunge mikono: leta, leta, kata hapo. Tabia hii humchekesha kila mtu isipokuwa Nanyama, au Mama Ryan kama wengi wamwitavyo, mama wa Kangemi ambaye kazi yake ni kumwelekeza dereva wa kreni kwa ishara za mikono.

Siku hiyo mzigo ulikuwa boriti ya chuma ya paa la kanisa linalojengwa nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Iliundwa katika yadi moja ya mtaa wa Mutuini. Ilipoanza kuchomelewa, pale kona ya kutokea yadi palikuwa na shamba la sukuma wiki. Ilipokamilika, sukuma imeondoka na nyumba ya kupangisha ya Mzee Mbuthia imesimama mahali pake, vigae vyekundu vinameta, na lori haliwezi tena kukata kona. Ndiyo Mutuini hiyo.

Waikate boriti katikati? Dalmas, fundi aliyeichomelea, hakutaka hata kulisikia neno hilo, maana boriti ilibuniwa kubeba paa ikiwa nzima. Ikabaki kuinyanyua juu ya nyumba hadi kwenye lori lililongoja barabarani. Wapangaji wakatolewa, Mbuthia akakubali shingo upande, na Nanyama akajikuta amebeba dhamana ya chuma cha Dalmas na vigae vya mzee kwa pamoja.

Wengi hudhani shida ni uzito tu. Kumbe boriti ndefu ikishikwa vibaya hujipinda yenyewe. Kwa hivyo Nanyama aliikaza kwa nguzo ubavuni, akaipapasa minyororo pete kwa pete. Hata ilipokuwa imelazwa yadini, kila mvua iliponyesha alikwenda kutazama kama mbao ilizolalia zimezama upande mmoja. Mtu wa namna hiyo anastahili kuvuliwa kofia.

Jamleck, dereva wa kreni, akanyanyua. Boriti ilipokaribia vigae, sauti ikapaa: "Leta! Leta!" Alikuwa Mbuthia, langoni pake, mikono juu. Majirani nao wakaitikia, kila mmoja na upande wake. Jamleck akasita, akavuta kidogo mahali pasipofaa, boriti ikaanza kubembea.

Nanyama akainua ngumi: simama. Jamleck akasimama. Nanyama mwenyewe aliogopa sana, lakini mkono wake haukutikisika. Boriti ilipotulia akairudisha chini yadini, umati ukiguna, kisha akamwendea Mbuthia. Watu walingojea matusi. Yeye akamkabidhi kamba ndefu iliyofungwa kwenye ncha ya boriti, ile ya kuizuia isizunguke.

"Mzee, nyumba ni yako. Shika hii, usiachilie mpaka nikuambie. Na usiseme kitu."

Mbuthia akanyamaza. Mwenye nyumba akishanyamaza, nani mwingine apige kelele? Boriti ikapaa tena, mzee akiifuata kwa mbali kando ya ua wake, kamba imekazwa, jasho linamtoka. Ikapita juu ya vigae bila kugusa hata kimoja, ikashuka, ikalala kwenye lori. Nanyama akainua ngumi ya mwisho. Dalmas alilia bila kujificha.

Mbuthia alikuwa bado ameing'ang'ania kamba.

"Achilia sasa, Mzee. Tumemaliza."

"Wewe kwanza, Mama Ryan."

Nanyama akatazama juu. Ngumi yake ilikuwa bado hewani, na sasa ilikuwa inatetemeka.