Sanda ya Fukusi

Katika maabara yetu tulipika wali, kisha tukailisha kuvu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu wakati wa vita, hata ile miaka ya vikwazo ambapo mchele mjini Bujumbura ulikuwa habari ya kuulizana njiani. Jirani zangu walinitania kwamba wao wanalala na njaa na mimi naupikia ukungu. Nilichoka kuwaeleza, lakini wewe nitakueleza. Kuna kuvu nyeupe inayoua wadudu. Mbegu zake, laini kama unga, humnata mdudu mgongoni na kumwingia mwilini, na akishakufa huchipuka nje na kumfunika mzima kwa weupe. Mtu haimdhuru. Sisi tuliikuza tuwaue nayo fukusi wa migomba, wale wadudu weusi wenye mkonga wanaotoboa shina kwa chini mpaka mgomba unalala chini na mkungu wake bado mchanga.

Milimani kwenye migomba mingi hatukuweza kufika, barabara hazikuwa za kuaminika. Basi nikampata mjane mmoja hapo mtaa wa Gihosha, mwenye migomba nyuma ya nyumba. Alikuwa wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji. Mumewe alikuwa fundi wa magari, na asubuhi moja aliteremka kwenda gereji asirudi. Maiti yake haikuonekana. Ndizi zile ndizo zilizomlisha yeye na wajukuu zake, na migomba ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine. Tukamwaga kuvu yangu kwenye mashina mvua zilipoanza. Nikamwachia chupa, nikamwambia kila fukusi mweupe atakayemwona amekufa amtie humo, nitakuja kuwachukua.

Kisha risasi zikalia upande wa maabara na umeme ukakatika. Tulikaa majumbani tukisubiri, na tuliporudi kazini friji ilikuwa inanuka kutoka mlangoni. Kila sahani, kila mfuko wa wali, ulikuwa umevamiwa na ukungu wa kijani, ule wa mkate uliochacha. Kuvu yetu ilikuwa imekufa yote. Nililia mbele ya mkuu wangu na sikuona haya. Kuagiza nyingine kutoka nje haikuwezekana, mipaka ilikuwa imefungwa. Nikakumbuka ile chupa ya Gihosha. Fukusi mweupe mmoja angetosha kuanzisha kila kitu upya.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilipanda Gihosha kwa miguu, jua la mchana likinichoma. Mjane alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Nikamwomba chupa. Akaniletea ikiwa tupu, ameiosha hadi inang'aa. Nikamuuliza, sauti imeshanipanda, wadudu wangu wako wapi. Akasema amewazika.

Sikumwelewa. Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa umri ule: kwamba nilimweleza vizuri, kwamba kazi ya miaka imekwenda na maji. Alingoja nimalize.

"Mi sikuweza, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha mtaani kwake. "Umuone amevaa sanda yake vizuri, halafu umutie mu chupa kama pilipili? Nilibafukia chini ya migomba. Sikubasalia, wale ni wadudu. Lakini kitu kikisha kuvaa sanda kinazikwa. Bwana yangu hakupata hata hiyo."

Hasira yangu iliondoka, nikabaki nimeshika chupa tupu. Nilimwonea huruma kiasi cha kukosa pa kutazama, nikatazama migomba yake. Ilikuwa imesimama. Kuvu ile hupenda udongo wenye kivuli na unyevu, na yeye alikuwa ameizika humo humo, shina kwa shina. Sikumwambia hayo. Nilimwambia tu ukweli wa shida yangu: kuvu ya maabara imekufa yote, na iliyo hai imebaki kwenye makaburi yake.

Akaenda kuchukua jembe mwenyewe. Akachimbua taratibu chini ya mgomba wa pembeni, akatoa kipande cha jani kavu kilichokunjwa. Ndani alikuwemo fukusi, mweupe bado.

"Mumoja tu," akasema. "Wengine ubaache balale. Na ukimaliza naye, umurudishe."

Niliahidi kama unavyomwahidi mtu mzima ili akuache uende. Kwa sindano nilimtoa weupe kidogo tu, nikaupandikiza kwenye sahani safi, na siku zilizofuata nilifika kazini kabla ya wote ili niuchungulie. Ulishika. Kuvu yote tuliyoigawa baadaye ilitoka kwa yule mmoja. Desturi yetu ni kumchoma moto mdudu tuliyemaliza naye. Wenzangu walicheka waliponiona namfunga kwenye karatasi na kuvaa viatu vya kutembelea.

Mjane hakutegemea kuniona. Alinitazama, akatazama karatasi, akaifungua kwenye kiganja chake. Akakaa chini pale pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza mbele yangu akalia.

"Huyu amerudi," akasema.

Kisha akanipa jembe, nami nikachimba.